Injini ya Mdachi

Siku ya pili ya matanga ya kaka yangu Suleiman, ukumbi wa binti yake, Maryam, ulijaa wanawake mpaka viatu vikazagaa nje ya mlango. Kahawa ilikuwa ikipita, na mwanamke mmoja ambaye simjui sana akauliza marehemu alipatwa na nini hata sikio lake la kushoto likawa halisikii. Maryam akajibu bila ya kufikiri, maana ni hadithi aliyokua nayo: babake aliumizwa na injini, zamani, Matrah, kwa kosa la Mdachi mmoja aliyeandika nambari vibaya. Wanawake wakasikitika. Mmoja akasema Mungu amsamehe huyo Mdachi, na wengine wakaitikia amin. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimeshika kikombe, na mimi nikaitikia. Nimeitikia hivyo zaidi ya miaka khamsini, kila hadithi hii inapotajwa mbele yangu. Sasa nimepita themanini, na Suleiman, ambaye ndiye hasa niliyekuwa nikimficha, yumo kaburini. Nambari ile niliiandika mimi.

Sitaeleza tulivyotoka Unguja. Wa rika langu wanajua, na wadogo wameshasikia mara nyingi kuliko wanavyotaka. Niseme tu kwamba mwaka wa sitini na sita ulitukuta Matrah, Omani, wawili tu, mimi wa miaka ishirini na mbili na Suleiman wa ishirini na sita, tukikaa katika nyumba ya watu. Mwenye nyumba alikuwa Sheikh Hilal, mfanyabiashara wa makamo, mtu wa maneno machache. Mama yake, Bi Thuweiba, alikuwa amekulia Unguja, na yeye ndiye aliyemwambia mwanawe atuchukulie dhamana. Siku hizo watu kama sisi tulikuwa tukikaa kwa ruhusa, na ruhusa ile ilisimama juu ya mdhamini. Akiondoa mkono wake, basi. Hapakuwa na mtu aliyetutishia. Lakini khofu tuliyokuja nayo haikuhitaji mtu wa kuichochea. Nikisikia mlango wa chini unagongwa, tonge lilibaki mkononi mpaka nijue ni nani. Nilizoea kula haraka haraka na kuweka viatu vyangu mahali ambapo ningevipata bila ya kutafuta. Bi Thuweiba aliniona siku moja navipanga, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapa hakuna anayekufukuza." Nikamwambia nnajua, Bibi. Na kesho yake nikavipanga vile vile.

Chumba changu kilikuwa juu, kimepakana na jiko, chenye dirisha dogo la mbao lililotazama ua wa ndani. Chini, kando ya ua ule, palikuwa na ghala la tende, na mwaka ule tende zilikuwa zimetolewa na badala yake imewekwa injini. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaiona. Nilikuwa nikiisikia tu: nyundo, misumeno ya chuma, na sauti za wanaume watatu wanaozungumza kwa lugha nne. Sheikh Hilal alikuwa amepata, kwa taabu kubwa, ruhusa ya kufungua kiwanda kidogo cha barafu, apate kuwauzia wavuvi wa Matrah na Sidab ambao samaki wao walikuwa wakioza kabla ya adhuhuri. Kiwanda kilitaka injini, na injini aliipata Karachi, katika uwanja wa vyuma chakavu, pamoja na mtu wake. Mtu huyo alikuwa Bwana Kessel. Watu wazima wa nyumba walimwita Mdachi, kwa neno la zamani tulilokuwa tukilitumia kwa Wajerumani. Alikuwa mrefu, ameinama mabega, na mikono yake miwili ilikuwa ikitetemeka daima, hata akishika kikombe cha chai lazima akishike kwa yote miwili.

Mikono hiyo ndiyo iliyoniingiza mimi katika jambo hili. Mafundi wa chuma wa Matrah walikuwa hodari, lakini walitaka michoro, na Bwana Kessel hakuweza tena kupiga mstari ulionyooka. Suleiman, aliyekuwa fundi wake, akamwambia Sheikh kwamba dada yake alikuwa akisomesha hesabu skuli ya wasichana na anajua kuchora kwa rula na bikari. Sheikh alilifikiri siku mbili. Kisha Bi Thuweiba akasema binti atachora juu, kwenye chumba chake, na Mdachi atakaa chini, na karatasi zitapita kwa kikapu. Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi kikapu kilipanda kwa kamba kupitia dirishani, ndani yake mna vikaratasi vya Bwana Kessel, mistari yake imepinda kama nyayo za kuku na nambari zimejazana pembeni. Alasiri kilishuka na michoro safi. Nikiwa na swali, nilikuwa naliandika kwa Kiingereza, na jibu lilikuja na kikapu, mara nyingine pamoja na kipande cha halwa aliyopewa yeye asiipende.

Sipendi kusema nilikuwa na furaha, kwa kuwa sikuwa nayo, lakini saa zile za kuchora khofu ilikuwa ikikaa kando. Nilikuwa nafaham kidogo kidogo kitu nilichokuwa nakichora. Ilikuwa injini ya ndege, lakini ya dizeli, na Bwana Kessel alipokuwa amekaa uani akila na Suleiman, nilikuwa nasikia habari zake zote kupitia dirisha. Alikuwa akizungumza kwa Kiingereza cha polepole, na kaka yangu akimjibu hivyo hivyo. Alisema wakati wa vita kuu vya pili nchi yake ilitaka ndege za kuruka juu sana na mbali sana, na dizeli hunywa kidogo kuliko petroli na haiwaki ovyo ndege ikipigwa risasi. Kwa hiyo yeye na wenzake waliwekwa katika kiwanda msituni kuunda injini ambayo kila silinda ina pistoni mbili zinazotazamana, zikikimbiliana mpaka hewa iliyo kati yao ibanwe, iwe moto, na dizeli iwake yenyewe. Walitengeneza chache tu za majaribio. Pistoni ziliyeyuka, shafti zilikatika, na kila kitu kilipovunjika maafisa walikuja kuuliza kwa nini, na kila mara walikuwa wakija wengi zaidi. Suleiman alimuuliza kama injini hizo ziliruka. "Mbili ziliruka," alisema. "Moja ilirudi." Hii ya Matrah ilitekwa vita vilipokwisha, ikasafirishwa kwenda kuchunguzwa, ikauzwa, ikauzwa tena, mpaka yeye, aliyekuwa akitengeneza mitambo ya maji Karachi, akaikuta imelala chini ya mabati. Aliijua kwa nambari iliyogongwa ubavuni. Nafikiri hakutaka barafu hata kidogo. Alikuwa anataka kuisikia ikinguruma mara moja, vizuri, mahali ambapo hakuna anayempigia kelele.

Siku moja ya funga ya sita, baada ya Ramadhani, wakati Bwana Kessel na Suleiman wanakula wali na mchuzi wa papa ambao Bi Thuweiba aliwapelekea wasiofunga, nilimsikia akieleza jambo jengine. Kulikuwa na feni iliyosukuma hewa ndani ya injini, na feni hiyo ilikuwa na sili ya kuzuia mafuta ya kulainishia yasipenye. Sili ya zamani ilikuwa imekauka, na mpya haipatikani duniani. Yeye alikuwa ameunda nyingine kwa ngozi. Ikivuja, alisema, mafuta yataingia kwenye silinda pamoja na hewa, na injini itaanza kujilisha yenyewe. Hapo ukifunga dizeli haitojali. Itazidi kwenda mbio mpaka ivunjike. Suleiman akauliza huzimwa vipi basi. "Unainyima pumzi," Bwana Kessel alisema. "Unaziba njia ya hewa, yote. Hakuna njia nyengine." Kisha akaiacha sahani yake, akarudi ndani ya ghala.

Wiki ile kikapu kilileta mchoro wa kifuniko. Lilikuwa bamba la chuma linaloshuka ndani ya bomba la hewa, likiongozwa na mifereji miwili, na chini kabisa kuna kipande cha chuma cha kulipokea lisipite. Kimo cha kipande hicho kiliandikwa pembeni kwa milimita. Nilisoma sabini. Nikaandika sabini. Fundi wa chuma sokoni akatengeneza bomba zima huko kwake, akakichomelea kipande mle ndani, na likarudi limefungwa tayari. Suleiman akalikaza mahali pake. Bwana Kessel akaliangusha bamba mara mbili, akasikia chuma kimegonga chuma, akaridhika.

Wakati huo huo mambo ya nyumba yalikuwa yakizidi kubana. Majaribio yalikuwa yameahirishwa mara mbili, na sasa Sheikh Hilal alikuwa amekwisha kumwalika mtu wa serikali aje aone kwa macho yake kwamba mtambo ule hauna madhara. Jioni moja, kabla ya maghrib, nilikuwa jikoni nachambua dagaa na Sheikh alikuwa ukumbini na mama yake. Walisema kwa Kiarabu, na Kiarabu changu kilikuwa kidogo, lakini mtu mwenye khofu hufaham lugha upesi. Alisema akiaibika mbele ya mgeni huyu, ruhusa itakwenda, na jina lake litakwenda pamoja nayo. Atakuwa hana uso wa kusimama dhamana ya mtu yeyote tena. Bi Thuweiba akataja jina langu na la Suleiman. Sheikh hakujibu kwa ukali. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba hataweza. Dagaa walikuwa mikononi mwangu na nikaona siwezi tena kuwaona vizuri.

Siku mbili kabla ya majaribio kikapu kilileta karatasi ya mwisho, orodha ndogo ya vipimo vya boliti. Katikati yake palikuwa na kumi na saba. Nikatazama zile tarakimu mbili zilizokaa bega kwa bega. Moja yake ilikuwa na mkia mrefu unaoanzia chini na kupanda kabla ya kushuka, kama saba yetu sisi. Na saba yake ilikuwa na kijiti kimekatisha tumboni. Sote tulikuwa tumejifunza kuandika kutoka kwa walimu wa Kiingereza. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu wanaoandika moja kwa namna ile. Katika michoro mingine vipimo vilinisaidia vyenyewe, kwa kuwa kitu kisichokaa sawa huonekana. Nikafungua kasha nilimoweka karatasi zake, nikatafuta ya kifuniko. Ile niliyoisoma saba, kwenye sabini, haikuwa na kijiti. Alikuwa ameandika kumi.

Nilipiga hesabu kwenye kiganja, ingawa haikuhitaji hesabu. Bamba lingeshuka, lingegonga, na chini yake pangebaki nafasi ya vidole vitatu vinene, bomba zima kwa upana. Injini ingepumua kupitia hapo. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa Kiingereza: Bwana Kessel, nimekosea kipimo cha kifuniko, kisitumike. Nikaikunja, nikaitia kikapuni, nikaanza kukishusha. Kisha nikafikiri kwamba bomba lazima likatwe na lichomelewe upya, na fundi amekwenda Barka harusini, na majaribio hayawezi kuahirishwa mara ya tatu, mgeni ameshaalikwa. Nikamsikia tena moyoni Sheikh akisema hataweza. Nikajiambia kifuniko kile ni cha tahadhari tu, na huenda kisihitajiwe kabisa. Kikapu kilikuwa kimekwisha kufika nusu ya ukuta. Nikakivuta juu, nikatoa karatasi, nikakishusha kitupu. Chini nilimsikia Suleiman akicheka, akimwambia Mdachi kwamba leo dada yake amewatumia upepo.

Nimefanya mambo mengi maishani ambayo yalitaka moyo. Baada ya mwaka wa sabini, nchi ilipofunguka, nilikuwa mwanamke wa mwanzo katika ofisi yetu ya michoro, na nilibishana na wahandisi waliokuja kutoka nchi kubwa, mbele ya wakubwa wao, kwa ajili ya kipimo kimoja cha bomba la maji. Walinisifu kwa ujasiri. Ulikuwa sio ujasiri. Nilikuwa mtu anayejua kikapu kitupu kinavyosikika kikigusa sakafu.

Asubuhi ya majaribio Suleiman alipanda kunywa chai. Alikuwa amevaa kanzu safi chini ya nguo ya kazi, kwa ajili ya mgeni, na alikula mkate wa kumimina vipande vitatu. Nikamuuliza yeye atasimama wapi. Akasema kwenye bomba la hewa, mkono juu ya mpini wa bamba.

"Kwa nini wewe? Asimame mwengine."

"Mwengine nani, Zuwena? Mdachi mikono inamtetemeka."

"Usisimame pale, kaka. Nnakuomba."

Akanitazama, na nilijua kwamba nikifumbua mdomo tena yatatoka yote. Akanigusa kichwa kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni, akasema khofu yangu imenizidi siku hizi, nimsomee dua. Akashuka. Nilibaki na kikombe chake mkononi, na nilimsomea dua, na huku nikijua dua hiyo ilikuwa badala ya nini.

Injini iliwaka mara ya tatu walipoijaribu. Mwanzo ilikohoa, madirisha yakatikisika, kisha ikatulia katika mngurumo mmoja laini ambao sijapata kusikia kitu mfano wake, na uani watu wakapiga makofi. Kupitia dirisha nilimwona mgeni ameketi kwenye kiti cha mikono na Sheikh Hilal amesimama nyuma yake. Nilimwona Bwana Kessel mlangoni mwa ghala. Alikuwa amefumba macho. Jikoni, wanawake walikuwa wakipakua wali wa wageni kwenye masinia, na Bi Thuweiba akaniita nikasaidie. Nafikiri zilipita dakika kumi. Halafu sauti ilipanda, kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Ikapanda tena. Moshi mweupe ukaanza kutoka, wa harufu ya mafuta yanayoungua, na nikasikia Bwana Kessel akipiga kelele wafunge dizeli, na mtu akajibu imefungwa. Mngurumo ukawa mluzi. Nikasikia bamba la Suleiman likigonga chuma. Sauti haikushuka.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka sinia, la shaba, kubwa, na wali wake ukimwagika miguuni pangu, na Bi Thuweiba akiniita kwa jina langu lote. Nilishuka ngazi zile ambazo sikuwahi kuzishuka mbele ya wanaume, kichwa wazi, na ua ulikuwa umejaa moshi na watu wanaokimbilia mlango. Ndani ya ghala sakafu ilikuwa inatetemeka mpaka meno yaliniuma. Suleiman alikuwa amening'inia juu ya mpini kwa uzito wake wote, akilisukuma bamba lililokwisha kufika mwisho wake, asielewe. Bwana Kessel alikuwa ubavuni pake, amemshika kiuno akijaribu kumvuta atoke. Aliponiona nimebeba sinia alinitazama usoni, na hapo hapo, naamini, alifaham yote. Alimwacha Suleiman. Mdomo wa bomba ulikuwa ukutani, usawa wa kifua changu, na tulilipachika sinia pamoja, mikono yake na yangu. Upepo ulilinyakua kutoka mikononi mwetu na kulibana pale kwa nguvu hata shaba ikabonyea katikati. Mluzi ukakatika. Injini ilianza kufa. Lakini ndani yake kitu kilikuwa kimekwisha kuachia, na kabla haijasimama kikapita kwenye ubavu wake kwa mshindo mmoja.

Mimi sikuguswa. Suleiman alikaa chini ameshika sikio, damu ikimpita vidoleni. Bwana Kessel alikuwa amelala, na mguu wake wa kulia, chini ya goti, ulikuwa umekaa vibaya sana. Nilipotazama uani, kiti cha mgeni kilikuwa kitupu.

Zilifuata siku nne ambazo sitaki hata adui yangu azipate. Hakuna aliyetufokea. Chakula kililetwa kama kawaida, na Bi Thuweiba alimkanda Suleiman sikio kwa mafuta ya moto. Sheikh alikuwa akiingia na kutoka. Alimwita fundi wa chuma, na fundi akaleta mchoro wangu, akaweka kidole juu ya sabini, akasema yeye ametengeneza alichoandikiwa. Mchoro ule ulikuwa wa mkono wangu, lakini mimi nilikuwa nikinakili tu, na hilo lilijulikana. Swali likabaki: Mdachi aliandika ngapi? Karatasi yake ilikuwa chumbani kwangu, kashani. Kila mguu uliosikika ngazini ulikuwa unakuja kuichukua.

Siku ya tano Bi Thuweiba alikwenda kumtazama Bwana Kessel hospitali, pale pale Matrah, na akanichukua nimfasirie. Tulimpelekea uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Alikuwa amekatwa mguu. Uso wake ulikuwa mweupe kama shuka, na mikono, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, imetulia. Bi Thuweiba akaketi, akamwombea shifaa, akaniambia nimuulize kama uji una sukari ya kutosha. Na mimi, kwa sauti ile ile ya kuulizia sukari, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba alikuwa ameandika kumi, nikasoma sabini, na kwamba nilijua siku mbili kabla.

Alimeza uji. Akasema anajua; alijua aliponiona na sinia.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza.

"Niliogopa."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali la zamani. Akasema kule msituni, wakati wa vita, injini kama hii ilikimbia katika chumba cha majaribio. Sili ilikuwa mbovu; yeye alikuwa ameiona asubuhi ile na akatia saini kwamba ni nzima, kwa sababu afisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Mlikuwa na watu wanne ndani. Yeye alikuwa karibu na mlango. "Nilitoka," alisema, "na nikaufunga." Kati ya watatu aliowaacha ndani, wawili walikuwa mateka wa vita waliokuwa wakilazimishwa kazi. Hakuyajua majina yao. Kisha akaniuliza kama Sheikh akituondoa tutakwenda wapi. Nikamwambia hatuna pa kwenda. Bi Thuweiba akauliza anasemaje. Nikasema anashukuru, Bibi, uji una sukari ya kutosha.

Bwana Kessel akaniuliza karatasi iko wapi. Nikamwambia. Akasema neno moja tu, niichome, na akageuzia uso ukutani. Sikusema hapana. Nilirudi nyumbani, na wakati wanawake wanakaanga samaki niliikunja mara nne, nikaitia chini ya sufuria, na nikapuliza moto mwenyewe.

Kesho yake alasiri niliitwa. Sheikh Hilal alikuwa ukumbini, na nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu walikuwa Bi Thuweiba na Suleiman, kichwa kimefungwa kitambaa. Mbele ya Sheikh kulikuwa na barua kutoka hospitali. Ilikuwa kwa Kiingereza, na katika nyumba ile aliyejua vizuri kusoma Kiingereza nilikuwa mimi. Sheikh akaomba nimsomee kwa Kiswahili, taratibu, mama naye apate kusikia. Nikaifungua. Maandishi yalipanda na kushuka. Sijui ilimchukua muda gani. Alikuwa ameandika kwamba kipimo cha kifuniko kilikuwa kosa lake, kwamba yeye mwenyewe aliandika sabini badala ya kumi kwa sababu ya mikono yake, na kwamba binti aliyenakili hakuwa na njia ya kujua. Kwamba kama si binti huyo na kaka yake, nyumba na mgeni wangeangamia, na anamwomba Sheikh alieleze hilo kwa wanaohusika. Kwamba ataondoka kwa meli ya kwanza atakapoweza kubebwa, na hadai kitu.

Niliisoma yote. Nilikuwa nadhani nitashindwa, kwamba nikifika kwenye sabini ulimi utanikatikia na nitasema. Nilifika kwenye sabini. Sauti yangu ilipita juu yake bila ya kukwama, kama ya mwalimu anayesomesha. Nyuma ya pazia nilimsikia Suleiman akivuta pumzi, akasema polepole, kwa hasira ambayo aliishi nayo mpaka alipokufa, kwamba Mdachi yule nusura amuue. Sheikh Hilal alikuwa akinitazama.

"Ndivyo alivyoandika?" aliuliza. "Hakuna jengine?"

"Ndivyo," nikasema. "Hakuna."

Akachukua barua, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamwambia mama yake kwamba watoto hawa watakaa.